Mzee Ameanguka: Nani Aamue, na Aamue Nini?

Hali hii familia nyingi za Tanzania zinaijua. Mzee wa miaka sabini na kitu anaamka alfajiri kwenda msalani, mguu wa kushoto unamkatalia. Mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka nusunusu. Kabla jua halijachomoza simu zimeshaita Dar es Salaam, Mwanza na Muscat, na kundi la familia la WhatsApp limejaa mapendekezo. Mmoja anataka gari likodiwe limlete Muhimbili leo leo. Mwingine anasema hiyo ni presha tu, apewe kidonge apumzike. Wa tatu anauliza kama sheikh ameshaitwa. Wa nne anatuma ule ujumbe unaozunguka kwenye simu miaka nenda rudi, unaoshauri mgonjwa achomwe sindano kwenye ncha za vidole mpaka damu itoke. Wote wanampenda mzee na wote wana haraka, lakini saa zinakatika na mgonjwa yuko palepale kitandani.

Ni rahisi kuuita mkanganyiko huu ujinga, na si haki. Mambo yamebadilika kwa kasi kuliko mazoea ya familia: hospitali za rufaa za mikoa zimepata mashine za CT scan ambazo zamani zilikuwa katika miji michache, Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na wazee wenyewe wanaishi muda mrefu zaidi na maradhi ambayo babu zao hawakuishi nayo. Lakini kinachokwamisha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba familia huunganisha maamuzi mawili yenye mwendo tofauti. Uamuzi wa kwanza ni mgonjwa apelekwe wapi sasa hivi, na huo hauhitaji kikao. Wa pili ni nani atamtunza, kwa fedha zipi, kwa miezi na pengine miaka. Huo ndio wa kikao, nao ndio unaoachwa mpaka nguvu na akiba vimekwisha.

Ugonjwa wenyewe

Kiharusi kina sura mbili kubwa. Katika ya kwanza, inayowapata wagonjwa wengi zaidi, mshipa wa damu wa ubongo huziba; katika ya pili mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Kwa nje mambo ni yaleyale: uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Hata daktari mzoefu hawezi kuzitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa. Inahitajika picha ya ubongo. Hapo ndipo ilipo hatari ya aspirini inayotolewa nyumbani kwa nia njema, maana dawa inayomsaidia aliyezibwa mshipa inaweza kumzidishia kuvuja damu aliyepasukiwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda nayo ina mlango mwembamba: hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa mzee aliyeamka akiwa amepooza, saa hizo hazihesabiwi tangu alipokutwa. Zinahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, pengine usiku alipoaga kwenda kulala. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari huwa la saa, na familia nyingi hujibu kwa kukisia.

Mshtuko ni wa familia zaidi kuliko wa mwili, kwa kuwa kiharusi si jambo la nadra. Utafiti mkubwa uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na katika sehemu za Dar es Salaam ulikuta, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha jijini ni miongoni mwa vilivyo juu kabisa kuwahi kupimwa popote. Nyuma yake iko presha isiyotibiwa. Uchunguzi mwingine wa Hai, uliowapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta karibu 7 kati ya 10 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakipata tiba ya kutosha. Presha haiumi. Mzee analima, anakwenda msikitini au kanisani, anagombana na wajukuu, na mishipa inaendelea kuchoka kimyakimya kwa miaka.

“Mleteni Muhimbili”

Rai ya kumpeleka mgonjwa moja kwa moja hospitali kubwa ya taifa ina mantiki yake, wala haikutoka hewani. Kwa miaka mingi mwenye mzee Songea au Singida alijua kwamba kipimo cha CT kiko Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na sehemu nyingine chache. Wataalamu wa ubongo ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam, ambako pia kuna upasuaji wa ubongo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Tena watoto wenye kipato mara nyingi wanaishi huko huko. Mzee akilazwa karibu nao, kuna wa kumpelekea chakula na wa kumuuliza daktari maswali. Aliyesafirisha baba yake mwaka 2005 alikuwa sahihi.

Hesabu imebadilika. Katika fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania iliupata kutoka IMF mwaka 2021 kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu ilinunua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa hiyo kipimo kinachoamua tiba kiko karibu zaidi kuliko kumbukumbu za familia. Upande wa pili wa mizani kuna barabara. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mgonjwa amelazwa kiti cha nyuma cha Noah, kichwa kinayumba, akitapika hakuna wa kumgeuza wala kifaa cha kunyonya matapishi yasiingie kwenye mapafu. Akifika usiku, tena bila barua ya rufaa, bima inaweza kuleta maneno. Na atakachofanyiwa kwanza baada ya safari hiyo yote ni kilekile ambacho kingefanyika mkoani asubuhi: kupimwa sukari, presha na upumuaji, kisha picha.

Wapo watakaosema mashine ya mkoani inaweza kuwa imeharibika, au mtaalamu wa kuisoma picha asiwepo. Pingamizi hili ni la kweli na halipaswi kupuuzwa. Linajibika kwa simu moja inayopigwa wakati mgonjwa anapakiwa garini, na kwa kukumbuka kwamba siku hizi picha hutumwa kwa mtandao ikasomwa na mtaalamu aliye mbali. Rufaa ina mahali pake, hasa pale damu iliyomwagika inapohitaji upasuaji. Tofauti ni kwamba rufaa huamuliwa na daktari aliyekwisha kuona picha, na mgonjwa huenda na muuguzi ndani ya gari la wagonjwa. Kura ya kundi la WhatsApp haiwezi kuchukua nafasi hiyo, hata kama wapiga kura ndio wanaolipia mafuta.

Mganga, dua na “upepo mbaya”

Watu wa mjini hupenda kudhani kwamba kumkimbilia mganga ni tabia ya kijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ukilinganisha vijiji vya Hai na jiji la Dar es Salaam, ulionyesha kinyume chake. Hai, watu wengi walieleza kiharusi kwa presha, mafuta mengi kwenye chakula na mawazo, na kimbilio lao la kwanza lilikuwa hospitali. Dar es Salaam, palipojaa hospitali, imani ya majini na uchawi ilikuwa na nguvu, na kimbilio la kwanza likawa mganga. Watafiti waliona kwamba imani kuhusu chanzo ilielekeza miguu ya watu kuliko hata gharama. Matokeo haya yanatibua dhana kwamba ukijenga hospitali karibu, watu watakwenda tu.

Kwa nini imani hiyo ishike? Kiharusi huja ghafla, hupiga upande mmoja wa mwili, humnyang’anya mtu kauli. Kwa aliyelelewa akisikia habari za watu kupigwa na jini au “upepo mbaya”, dalili hizo zinaingia kwenye maelezo hayo bila kulazimishwa. Tena mganga hukaa na mgonjwa, humsikiliza, huwapa ndugu kazi ya kufanya. Hospitali iliyojaa inaweza kumpima mzee, ikamwandikia dawa na kumrudisha nyumbani bila mtu kueleza kilichotokea. Kati ya hao wawili, anayetoa maelezo ndiye anayeaminiwa, na wahudumu wa afya wangefanya vizuri kulitafakari hilo kabla ya kuwalaumu wananchi.

Madhara hata hivyo yapo na yanajulikana. Saa zinapotea. Dawa za kunywa hupewa mtu asiyeweza kumeza, zikaingia kwenye mapafu na kumletea nimonia. Hofu kwamba mtu mwenye jini akichomwa sindano atakufa humzuilia tiba. Njia ya kutatua mvutano huu si kuilazimisha familia ichague kati ya dua na hospitali, maana utafiti huohuo ulikuta kwamba kuchanganya tiba ndiyo hali ya kawaida. Kinachotakiwa ni mpangilio tu. Sheikh au mchungaji anaweza kuomba pembeni ya kitanda cha wodini, na dua haina muda wa mwisho. Ubongo unao.

Hospitali ya karibu, na swali gumu

Msimamo ninaouona kuwa na nguvu zaidi ni wa kumpeleka mgonjwa haraka kwenye hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura usiku na mchana, na ikiwa hospitali ya rufaa ya mkoa iko ndani ya mwendo wa saa moja au mbili, basi hiyo. Zahanati ipitwe; mara nyingi haina cha kumsaidia zaidi ya kumpima presha na kuandika karatasi. Lakini msimamo huu una pingamizi moja zito: dawa ya kuyeyusha damu haipatikani katika hospitali nyingi nchini. Kama haipo, haraka yote hii ni ya nini?

Jibu la kwanza ni kwamba si kila anayeanguka ana kiharusi. Sukari ikishuka sana, kwa mfano kwa mgonjwa wa kisukari aliyemeza vidonge akalala bila kula, mtu anaweza kulegea upande mmoja na kupoteza kauli vilevile. Tone moja la damu kidoleni huonyesha hilo, na glukosi ya mshipani inaweza kumrudisha ndani ya dakika chache. Akiachwa, anaweza kufa kwa kitu kilichokuwa na tiba ya bei ndogo kabisa. Jibu la pili linahusu presha. Ndugu wakiona mashine inasoma 210 huomba ishushwe mara moja, na wapo wanaomwekea mgonjwa kidonge chini ya ulimi. Kwa mtu mwenye mshipa ulioziba, kuishusha presha ghafla kunaweza kulinyima damu eneo la ubongo ambalo bado linapigania uhai. Lini ishushwe na kwa kiasi gani ni kazi ya kitabibu. Jibu la tatu ndilo lenye ushahidi mpana kuliko yote. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa wagonjwa wa kiharusi wanaohudumiwa kwa mpangilio, na wauguzi waliofunzwa wanaowapima uwezo wa kumeza kabla ya kuwalisha, wanaowageuza, wanaodhibiti homa na sukari na kuwaanzishia mazoezi mapema, hufa wachache zaidi na hupata ulemavu kidogo zaidi. Faida hiyo huonekana kwa wazee na kwa vijana, kwa mshipa ulioziba na uliopasuka. Haihitaji dawa ya kuyeyusha damu wala jengo la ghorofa kumi.

Tatizo linalobaki ni usafiri. Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kulitatua: kupitia mfumo wa m-mama, mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini huombewa usafiri kwa kupiga 115, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana madereva wa jamii waliosajiliwa hutumwa. Mzee aliyepooza hana namba kama hiyo. Yeye husafirishwa kwa bajaji, au kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya dereva na mwanawe, mkono uliolegea ukining’inia karibu na bomba la moshi. Kama kuna jambo moja ambalo sera inaweza kulibadilisha bila kuvumbua chochote kipya, ni hili.

Fedha: msamaha, bima na mchango

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure. Mkanganyiko unaanzia kwenye neno “bure”. Dirisha la wazee lipo, foleni inapunguzwa, daktari anaonwa bila malipo. Kisha dawa haipo, na karatasi inaelekeza duka la nje. Msamaha unaofuta bei ya kitu ambacho hakipo rafuni haumsaidii mtu. Hata hivyo kitambulisho cha msamaha kina thamani, na kinatafutwa kupitia serikali ya kijiji au mtaa mzee akiwa mzima. Kukitafuta akiwa wodini ni kumtuma mjukuu kumsaka mtendaji siku ya Jumapili.

Bima ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) humruhusu mwanachama kumwandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi 4, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwao. Hapo kuna mvutano ambao haupendwi kusemwa hadharani: mfanyakazi mwenye watoto wanne akimwingiza baba, mtoto mmoja anatoka. Familia yenye watoto kadhaa walioajiriwa inaweza kulimaliza hili kwa kuangalia nani bado ana nafasi, lakini ni nadra ndugu kukaa wakafanya hesabu hiyo kabla ya dharura. Kwa walio nje ya ajira rasmi kumekuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ambao ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Ulikuwa nafuu, ila mafao yake yalikuwa membamba. Sheria ya mwaka 2023 inakusudia kuziba mapengo haya, na itapimwa kwa dawa zilizopo, si kwa kadi zilizochapishwa.

Ndipo linapokuja kimbilio la asili, mchango. Mchango una nguvu ambayo bima haina: unawafikia binamu wa mbali, haudai fomu, na hukusanyika kwa usiku mmoja. Lakini una kasoro ya maumbile. Huitikia tukio. Watu huchangia gari, picha, upasuaji, na kwa wepesi zaidi huchangia msiba. Ni vigumu sana kulikusanya kundi lilelile kuchangia pampasi za watu wazima mwezi wa tano, au nauli ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, vitu ambavyo ndivyo vinavyoamua mzee atasimama tena au la.

Nani ana neno la mwisho

Mivutano mingi inayoonekana kuwa ya hospitali ni ya madaraka. Mtoto wa kwanza ana heshima ya nafasi. Aliyeko Muscat au London anatuma fedha, na fedha zina sauti. Binti anayeishi na mzee anajua alikula nini jana na anatumia dawa gani, lakini mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa. Na kuna mama, mke wa mgonjwa, ambaye husukumwa pembeni kwa kisingizio cha kumpunguzia uchungu. Kila mmoja ana haki yake ya kusikilizwa, ila si katika saa moja. Katika saa ya kwanza aliye karibu na kitanda aamue na kuwajulisha wengine akiwa njiani.

Wazee wa ukoo wanaweza kuliona hilo kama kuvunja utaratibu. Lisilo utaratibu, naona, ni kusubiri ruhusa ya mtu asiyepokea simu. Na mila zetu zenyewe zina njia: baba akiwa na afya zake atamke mbele ya wote kwamba likitokea la kutokea, fulani ndiye atakayesema. Neno la baba halipingwi kirahisi. Watu huogopa mazungumzo haya kwa sababu yanaonekana kumchuria mzee, lakini familia hizohizo huzungumza naye mipaka ya shamba na mahali atakapozikwa. Tena asisahauliwe mwenyewe. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupoteza kauli huku akiendelea kuelewa sehemu kubwa ya yanayosemwa. Kujadili juu ya kichwa chake nani atauza nini ni jambo analolisikia, hata kama hawezi kujibu.

Baada ya kuruhusiwa

Siku mzee anapotoka wodini, wageni hupungua na kazi yenyewe huanza. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya makalio na visigino inaoza. Choo cha shimo hakimfai mtu mwenye mguu mmoja wenye nguvu. Kiti cha mbao chenye tundu katikati, ambacho fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza, humrudishia sehemu ya heshima yake. Dawa za presha ni za kudumu. Wagonjwa wengi huziacha wakipata nafuu, na kiharusi cha pili huja hivyo. Bei ya vidonge hivyo kwa mwaka mzima haifiki hata karibu na gharama ya kukodi gari moja la kwenda Dar es Salaam.

Swali la mzee akae wapi halina jibu moja. Mjini kuna kliniki na wataalamu wa mazoezi, lakini pia kuna chumba cha kupanga chenye ngazi, na mchana mrefu asio na wa kuzungumza naye. Kijijini kuna majirani, baraza lake na mbuzi wake, lakini mzigo wote unamwangukia binti au mkamwana mmoja, ambaye akichoka hana wa kumpokea. Wanaosema “tumlete mjini” waulizwe nani atashinda naye nyumbani, na wanaosema “abaki kwake” waulizwe nani atamlipa anayemwogesha. Jambo moja linaweza kupunguza majuto: sehemu kubwa ya nafuu baada ya kiharusi hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Kuuza ng’ombe, kufunga nyumba ya mzee au kumhamisha moja kwa moja ni maamuzi ambayo wiki ya kwanza haina taarifa za kuyabeba. Katika wiki hiyo kikao kinatosha kupanga vitu vitatu: nani ananunua dawa kila mwezi, nani anasimamia mazoezi, na nani anampumzisha binti siku zipi. Mengine yangoje mwezi wa nne, mzee atakapokuwa ama anatembea kwa fimbo, ama ni wazi kwamba hatatembea, na pengine ataweza kusema mwenyewe anataka kukaa wapi.